SOMO: DAFTARI LA PAMOJA LINALOUGUA MARA KWA MARA

Mmekwisha kusoma habari za maji machafu, za nzi na za kikohozi. Leo tutafundishana habari ya ugonjwa mwingine. Huu haushiki mwili wa mtu. Unashika daftari la wagonjwa lililo ndani ya kompyuta, lakini madhara yake yanamfikia mgonjwa kitandani.

Zamani kila mgonjwa alikuwa na fishi yake ya karatasi ndani ya sanduku. Fishi moja ikilowa mvua, mtu mmoja alipata hasara. Siku hizi buro nyingi zinaandika majina yote katika faili moja, na mara nyingi zinatumia programu iitwayo Microsoft Access, iliyoanza kuuzwa mwaka 1992. Faili inawekwa kwenye mashini moja, nayo inaitwa seva. Karani wa mapokezi, mtunza dawa na mpokea fedha wanaifungua pamoja, kila mmoja kwa mashini yake. Ni msaada mkubwa, ila faili hiyo ikiharibika wote wanapata hasara siku moja.

Fikirini mama anayetibiwa kifua kikuu. Dawa zake kwa kawaida ni za miezi 6. Amefika mwezi wa 4, na mstari wake umepotea. Nani atajua kwamba wiki hii hakuja kuchukua dawa? Nani atakwenda kumtafuta nyumbani? Tena risiti zikipotea, watu wanaanza kunong'ona juu ya mpokea fedha: "Amekula." Kumbe labda ni waya mbovu uliokula.

Dalili ni hizi. Daftari linakataa kufunguka, na mashini inasema haitambui faili ya namna hii. Au linafunguka, lakini mstari mzima unaonyesha neno #Supprimé, wala hakuna mtu aliyefuta. Au mnaona herufi za ajabu, zisizo za lugha yoyote. Dalili moja inadanganya watu sana: mnatafuta jina la mgonjwa, mashini inajibu kwamba hayupo, mkishuka kwa macho mstari kwa mstari, mnamkuta. Hapo mstari wenyewe ni mzima. Faharasa, ile inayoonyesha mahali pa kila jina, ndiyo iliyoharibika.

Ndani ya Access iko amri ya kubana na kutengeneza faili. Watu wanaibonyeza, daftari linafunguka, wanashukuru na kurudi kwao. Siku ya nne ugonjwa umerudi. Ni kama kumpa mtu wa malaria aspirini tu: homa inashuka, vijidudu vinabaki damuni. Tena amri hiyo ina hatari yake, kwa maana inaweza kutupa mistari isiyoweza kuisoma. Kwa hiyo kwanza watu wote watoke, kisha mfanye nakala ya faili iliyo mbovu, ndipo mbonyeze. Baadaye hesabuni mistari, mlinganishe na nakala ya jana.

Basi, ugonjwa unatoka wapi? Wengi wanadhani seva ndiyo inayoandika. Sivyo. Katika Access, seva inatunza faili tu, kama kabati. Kila mashini inavuta kipande kidogo cha faili kwa njia ya waya, inakibadili, kisha inakirudisha. Umeme ukikatika wakati wa kurudisha, au Wi-Fi ikipotea hata kwa kitambo kidogo, kazi inabaki nusu mpya, nusu ya zamani. Mashini moja dhaifu inaweza kuwaharibia watu kumi. Ndiyo sababu kuilaumu seva peke yake, au kununua seva mpya, mara nyingi hakuponyi kitu.

Inafaa kumtafuta mwenye kuleta ugonjwa, kama tunavyouliza katika kipindupindu: nani alikunywa maji ya kisima gani? Shahidi yupo. Daftari likifunguliwa, karibu nalo inazaliwa faili ndogo ya kufuli, ambayo jina lake linaishia kwa laccdb. Mtu wa mwisho akitoka vizuri, faili hiyo inafutika yenyewe. Lakini daftari likiwa limetiwa alama ya kuharibika, kufuli inabaki, na ndani yake mna majina ya mashini zilizoingia. Msiifute kwa haraka! Ifanyieni nakala, mfungue nakala hiyo kwa programu ya maandishi matupu, msome. Lakini angalieni, jina halitoki mara mwenyewe anapotoka. Kwa hiyo orodha inasema nani aliingia, haisemi ya kwamba wote walikuwa bado ndani.

Pamoja na hiyo, wekeni daftari la karatasi kando ya seva. Kila mara ugonjwa ukitokea, andikeni siku, saa, mashini zilizokuwa kazini, na jambo lililotangulia: umeme ulikatika? kompyuta ya mkononi ililala wakati wa chakula? mtu alizima kwa kubonyeza kitufe? Baada ya mara tatu au nne, jina moja litaanza kurudi. Mpeni mashini hiyo waya mpya, au iondoeni katika daftari kwa wiki mbili, mwone. Mpaka hapo msimshitaki mtu yeyote.

Pengine kila mashini inahusika kwa zamu, na waya zote ni nzuri. Mwaka 2018, baada ya Windows 10 kupata mabadiliko, buro nyingi duniani ziliona ujumbe kwamba daftari haliko katika hali ya kuaminika. Microsoft wenyewe walieleza jinsi ya kubadili mpango fulani kwenye seva. Jambo hili mwachieni fundi.

Sasa kinga. Ligaweni daftari: mistari ya wagonjwa ibaki kwenye seva, na fomu za kuandikia ziwekwe katika kila mashini, nakala moja kwa kila mtu. Tumieni waya, si Wi-Fi. Seva, kisanduku cha waya na mashini zote zipate betri ya kuzitegemeza umeme unapokatika. Kila mtumiaji awe na ruhusa ya kuunda na kufuta faili katika folda ile, maana pasipo hiyo kufuli haifanyi kazi yake vema. Msiiweke faili katika Dropbox wala OneDrive ili watu waiandike kutoka huko. Mtapata madaftari mawili yanayopingana. Wala mtu asiichukue kwa flashi kwenda kufanya kazi nyumbani, akirudi Jumatatu aiweke juu ya kazi ya wenzake.

Faili ya Access haiwezi kupita gigabaiti 2. Ikiwa hospitali inakua, ni heri kuhamisha mistari kwenye PostgreSQL au MySQL. Huko seva yenyewe ndiyo inayoandika, na mashini zinaleta maombi tu. Waya ukikatika, ombi lisilokamilika linatupwa na daftari linabaki zima. Fomu za Access mlizozizoea zinaweza kuendelea kutumika.

Nakala ya akiba ifanywe kila jioni, watu wakiisha kutoka, nayo itunzwe katika nyumba nyingine. Mara moja kwa mwezi ifungueni mwone kama inafunguka. Na wewe mgonjwa, kadi yako ya karatasi usiiache nyumbani, wala usimpe mtoto kuchezea. Siku daftari linapougua, karani ataandika upya kutoka kadi hiyo.