Maswali na majibu: Kijana wa Bunia atakuamini lini?

Jumamosi alasiri viwanja vya makanisa ya Bunia hujaa vijana. Wakatoliki wana Kizito-Anuarite na Xaveri, Waprotestanti wana kwaya na vikundi vya Biblia, na kila upande una walezi wanaojitolea bila mshahara. Wengi wao hawakusomea kazi hiyo. Waliombwa tu na mchungaji au padri, wakakubali. Haya ni maswali ambayo walezi hao huuliza mara kwa mara kuhusu vijana wa miaka 13 hadi 18.

Vijana wangu hawakosi mazoezi ya kwaya, lakini nikiuliza habari za nyumbani wananijibu "salama tu". Mbona hawanifungukii?

Kwa sababu bado hawajajua unataka nini kwao. Mkoa huu wa Ituri umezoea watu wazima wanaowaita watoto kwa maneno matamu. Machi 14, 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia mtu hatiani kwa mara ya kwanza tangu iundwe. Mtu huyo alikuwa Thomas Lubanga, kiongozi wa UPC, kundi lililowahi kuutawala mji wa Bunia, na kosa lake lilikuwa kuwaingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15 mwaka 2002 na 2003. Vijana wako walikuwa hawajazaliwa, lakini wazazi wao walikuwepo, na nyumbani mambo hayo husimuliwa.

Wao wenyewe pia wameona yao. Aliyezaliwa mwanzoni mwa 2010 alikuwa na miaka 7 mauaji ya wilayani Djugu yalipoanza upya Desemba 2017. Tangu hapo wamepita mbele yake mwenye silaha, mwenye shimo la dhahabu na mwanasiasa mwenye fulana za kampeni, na kila mmoja alisema anawapenda vijana. Sasa umekuja wewe na Biblia. "Salama tu" ni jibu la mtu mwenye akili. Liheshimu, usilichimbe.

Basi nianzie wapi?

Anza na ahadi ndogo unazoweza kuzitimiza. Ukisema mazoezi ni saa tisa, uwe uwanjani saa tisa, hata kama mvua imenyesha na wamekuja wawili tu. Ukisema utapita kumwona mgonjwa, pita. Ahadi ni deni, na kijana huyahesabu madeni yako kimyakimya kabla ya kukukopesha habari zake.

Sikiliza pia yale madogo. Msichana akikuambia Jumapili kwamba mama yake ana malaria, Jumapili inayofuata muulize, "Mama ameamkaje?" kabla hujamuuliza kwa nini alikosa mazoezi. Swali hilo halimalizi dakika, lakini limemwonyesha kwamba aliyoyasema hayakupotea.

Usiahidi usichonacho. Wengi huanguka kwenye minervali, yaani karo ya shule. Kijana amefukuzwa darasani, mlezi kwa huruma anasema "tutaona", na kijana anaelewa "nitalipa". Sema wazi: "Pesa sina. Ninaloweza ni kwenda nawe kwa mkuu wa shule tuombe muda." Kisha nenda.

Kundi langu lina Wahema, Walendu, Wanande, Waalur na wengine, wa mjini na wa kambi za wakimbizi wa ndani. Niwafundishe upatanisho?

Utafika huko, lakini usianzie huko. Ukisimama siku ya kwanza na kusema "Wahema na Walendu mpendane", umewagawa tayari, maana kila mmoja ameanza kuhesabu nani yuko upande gani. Usimuulize mtu kabila lake, wala kijiji alikotoka mbele ya wenzake. Mjini Bunia kijiji hutaja kabila, na wakati mwingine hufufua msiba.

Wape kazi ya pamoja: kupanga viti, kutengeneza ngoma, kuandaa igizo la Krismasi. Wapange kwa sauti zao au kwa umri, ili mchanganyiko uje wenyewe. Chagua mahali ambapo wote wanaweza kufika kwa miguu na kurudi kabla ya giza, kwa kuwa kuna mitaa ambayo baadhi yao hawapiti kwa amani.

Angalia na gharama. Kitenge cha sare ya kwaya ni furaha kwa wa mjini. Kwa kijana anayeishi chini ya turubai katika kambi ya Kigonze ni sababu ya kuacha kuja, na hatakuambia. Imbeni na nguo mlizo nazo mpaka kikundi chote kiweze. Michango nayo msiisome kwa majina.

Kijana akiniambia, "Yaya, usimwambie mtu", nifanye nini?

Jibu hilo inafaa litolewe kabla hajafungua kinywa. Waambie wote mapema, kikundi kizima, tena mara kwa mara: "Siri zenu nitazitunza. Ila mtu akiwa hatarini, nitamwambia anayeweza kusaidia, na mwenye siri nitamweleza kwanza ni nani." Akija akijua hivyo, amechagua mwenyewe kusema. Ukiahidi siri yote kisha ukaivunja, utampoteza yeye na rafiki zake.

Hatari ni nini? Kupigwa kupita kiasi, kutaka kujiua, kuitwa na kundi lenye silaha, kulazimishwa kuolewa, kubakwa. Kwa sheria ya Kongo ya Januari 10, 2009 inayolinda watoto, kila asiyefika miaka 18 ni mtoto, hata kama ana ndevu na anaendesha pikipiki.

Kuhusu ubakaji, saa zina maana. Dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Kwa hiyo kituo cha afya kwanza, maombi njiani. Usikubali jambo hilo lizungumzwe na familia mbili mpaka liishie kwenye mbuzi, wala usimuulize maswali ya "ulikuwa umevaa nini". Maneno matatu yanatosha kwa kuanzia: "Nakuamini. Hukukosa. Twende."

Mipaka yangu mimi ni ipi?

Zungumza na kijana mahali ambapo watu wanawaona lakini hawawasikii: chini ya mti wa kanisa, kwenye benchi la nje. Chumba kilichofungwa hapana. Meseji za saa nne usiku hapana, hata zikiwa za mistari ya Biblia. Usimbebe msichana peke yake kwenye pikipiki wakati wa giza. Zawadi ikiwepo, iwe ya kikundi. Walezi wawe wawili, mwanaume na mwanamke, na wote wajue nani anamsaidia nani. Mlezi anayekasirika akiambiwa hayo ndiye wa kuangaliwa zaidi.

Nina kijana aliyetoka kwenye kundi lenye silaha. Mchungaji anataka atoe ushuhuda Jumapili. Nikubali?

Hapana. Kanisa litapiga makofi, yeye atarudi nyumbani na jina jipya: "yule wa msituni". Waliompoteza ndugu watamtazama kwa jicho lingine, na waliomtumia wanaweza kumtafuta. Zaidi ya hayo, atakuwa amejifunza kwamba hata kanisani maisha yake ni kitu cha kutumiwa.

Mwacheni awe mpiga gitaa, au anayefunga mageti. Akitaka kusema siku moja, aseme kwa nani na kwa kiasi gani, ni juu yake. Akishindwa kulala au akishtuka kwa mlio wa mlango, tafuteni mtaalamu wa afya ya akili. Kuombewa na kutibiwa havigombani.

Wazazi hawataki watoto waje kwenye mkesha. Niwashawishije?

Usiwashawishi. Usiku wa kuamkia Julai 27, 2025, waasi wa ADF waliishambulia parokia ya Komanda, wilayani Irumu, watu wakiwa kwenye mkesha wa sala. Waliuawa zaidi ya 40, watoto wakiwemo. Mzazi anayekataa hana upungufu wa imani. Hamishia sala mchana, mtembelee nyumbani, mweleze mnaanza na kumaliza saa ngapi, mwachie namba yako ya simu. Mama akiona mtoto anarudi saa uliyosema, atakuwa wa kwanza kumsukuma aje.

Nahamishiwa Aru mwezi ujao. Niwaambie?

Waambie leo. Vijana hawa wameshaondokewa na watu bila kuagwa, na mlezi anayetoweka huwa mmoja zaidi. Mlete anayekupokea akae nawe wiki hizi zilizobaki, awajue kwa majina, ajue mazoezi ni saa ngapi. Siri usimkabidhi, kila kijana aamue mwenyewe atamwambia nini. Na ukiahidi kupiga simu, piga. Kama unajua hutapiga, usiahidi.