Umeme Unaokatika na Kurudi Ndani ya Gari la Kulalia

Taa zinafifia, friji inanyamaza, inveta inalia, kisha baada ya muda kila kitu kinarudi kana kwamba hakuna lililotokea. Ukilifikisha gari kwa fundi, ni zima kabisa. Kwenye barabara ya taifa namba 4, kutoka Kisangani kwenda Bafwasende na Nia-Nia, sijui gari lililosalimika na ugonjwa huu. Mashimo yanalegeza bolti, unyevu wa msitu unakula shaba, na tope jekundu linapenya hata usipodhani.

Langu ni Land Cruiser ya zamani yenye kitanda nyuma, betri ya pili, friji ndogo na inveta ya wati 600. Ushauri wa kwanza utakaopewa ni kununua betri. Subiri kwanza. Betri iliyochoka kwa kawaida hupungua polepole. Haifi na kufufuka ndani ya dakika moja. Kinachokatika na kurudi mara nyingi ni kiungio, pale waya unapokutana na chuma.

Shida ni kwamba watu hupima gari likiwa limetulia. Kipima umeme kinasoma volti 12.6 na unasema betri imejaa, na kweli imejaa. Lakini kiungio kilichooza hupitisha umeme mdogo bila taabu. Kikidaiwa mwingi ndipo kinapogoma. Chukua kiungio chenye ukinzani wa omu 0.05. Taa ya nusu ampea itapoteza pale volti 0.025, huoni kitu. Inveta ikivuta ampea 50, volti 2.5 zinapotelea hapohapo. Yenyewe inabaki na 10 hivi, na nyingi hujizima karibu na 10.5. Ikishajizima mzigo unaondoka, volti zinapanda, inawaka tena.

Kwa hiyo pima mzigo ukiwa umewashwa, inveta, friji na taa zote. Ncha moja ya kipima iguse nguzo hasi ya betri, nguzo yenyewe na si kibano chake. Ya pili iguse hasi ya inveta. Zaidi ya volti 0.3, njia ya masi, yaani ya hasi kupitia bodi ya gari, ina kasoro. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya. Kisha sogeza ncha kiungio kwa kiungio. Pale namba inaporuka ndipo pa kufungua.

Kwangu iliruka chini ya kitanda. Aliyefunga masi ya betri ya pili aliibana juu ya rangi, hivyo umeme ulipitia nyuzi za bolti tu, nazo zilishaota kutu. Nilipoutikisa waya kwa kidole, kipima kilitoka 0.1 hadi 1.8. Chini ya gamba, shaba ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Kijana aliyekuja kunisaidia pale Makiso, Kisangani, alishika tepu.

“Papa, tukunje tu hapa, itafika.”

“Itafika wapi, mwanangu? Bafwasende?”

Tulifungua kwanza hasi ya betri, tukakwangua rangi hadi chuma kikang'aa, tukakata waya hadi shaba safi, tukabana kichwa kipya kwa koleo lake maalumu, si kwa nyundo. Grisi tuliipaka juu, baada ya kukaza.

Kama masi ni safi na umeme bado unakatika, angalia unakatika lini. Ukikatika gari likiruka shimo, kuna kilicholegea. Ukikatika kwa vipindi vinavyofanana, hasa mchana wa joto, shuku kile kikata umeme kinachojirudisha chenyewe: kinapata moto, kinakata, kinapoa, kinarudisha. Gusa pia nyumba ya fyuzi baada ya dakika kumi za mzigo. Plastiki iliyogeuka kahawia ni ya kutupa.

Na ukienda kununua waya, beba kisu. Kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu tu. Kwangua ncha mbele ya muuzaji. Ikitoka nyeupe, mrudishie.