Mtoto Mnene au Mtoto Aliyevimba?



Tukipita kwenye nyumba tunaambiwa, "Huyu hana shida, tazama mashavu." Mashavu yanadanganya. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya nyayo zake zote mbili, pale mikanda ya kandambili inapopita. Hesabu polepole hadi tatu, kisha achia. Shimo likibaki miguu yote miwili, hayo si mafuta, ni maji: dalili ya unyafuzi. Mara nyingi mtoto huyo hununa, hachezi, hataki kula.

Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, usisubiri mgao upite, hata kama utepe wa mkono umeonyesha kijani. Utepe hupima unene wa mkono tu. Chukua na kadi yake ya kliniki.