Jeep ya okazio inalia: sikiliza kabla ya kutoa makuta



Somo la leo ni la komite, la shoferi, na la kila memba aliyeweka mchango wake katika kasha. Koperative nyingi za Kasongo na Kabambare zinatamani jeep yao wenyewe, ya kutoa mpunga, karanga na mafuta ya mawese kijijini mpaka sokoni. Gari mpya ni bei kali, kwa hiyo tunatafuta ya okazio.

Tuchukue mfano. Komite inaenda kujaribu jeep ya 4x4. Inatembea vizuri, lakini chini inalia: vuuuu. Mama Prezida anauliza: «Papa, hii makelele ni ya nini?» Muuzaji anajibu: «Mama, usiogope, ni mapine tu.» Pengine anasema kweli. Pengine ni ponti ya nyuma inakwisha, na kuitengeneza kutakula faida ya mavuno mazima. Namna gani ya kujua?

Makelele ni kama homa: inaonyesha kuna ugonjwa, haisemi ni ugonjwa gani. Sherti kuuliza: inafuata nini?

1. Inafuata moteri ao magurudumu?

Kwanza gari isimame, moteri izunguke, bila vitesi. Kanyaga mafuta kidogo. Kama makelele inapanda hapo hapo, haitoki kwa magurudumu. Kisha kanyaga ambreyaji. Makelele ikipotea, shuku rulema za boite ya vitesi. Ikianza wakati unakanyaga, shuku rulema ya ambreyaji.

Halafu tafuta njia iliyonyooka, isiyo na watu. Fika kilometa 50 kwa saa, toa vitesi, acha gari iende yenyewe. Usizime moteri, maana usukani na freni vitakuwa vizito. Kama makelele inaendelea na kupungua pole pole pamoja na mwendo, inatoka kwa mapine, rulema za magurudumu, kardani ao ponti.

2. Inakuja wakati gani?

– Inavuma kama nyuki, na inazidi ukikata usukani kushoto: uzito umeenda kuume, shuku rulema ya gurudumu la kuume. Ikizidi ukikata kuume, shuku ya kushoto.
– Inalia «ta-ta-ta» wakati wa kukata kona kali: shuku viungo vya gurudumu la mbele.
– Inapiga «ko!» ukibadilisha kutoka mbele kwenda nyuma: shuku misalaba ya kardani, ao meno ya ponti yaliyolegea.
– Inalia ukikanyaga mafuta, inabadilika ukiachilia: shuku meno ya ponti.
– Gari inatetemeka: ukisikia mikononi kwa usukani, anza na magurudumu ya mbele. Ukisikia kwa kiti, angalia magurudumu ya nyuma na kardani.

Na yule muuzaji wa mapine? Mjaribu. Kama mapine yote ni ya kipimo kimoja, peleka ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Makelele ikihama pamoja nayo, alisema kweli.

3. Angalia mafuta ya ponti

Huku kwetu mito na madimbwi yanaharibu ponti nyingi. Ponti yenye moto ikiingia katika maji baridi, hewa ya ndani inajikunja na kuvuta maji. Kwa hiyo pumzisha gari kidogo kabla ya kuvuka.

Gari ikiwa fasi ya sawasawa, fungua kwanza kizibo cha juu, kile cha kutilia mafuta. Kikikataa, usifungue cha chini: utamwaga mafuta na kukosa pa kutilia mengine. Mafuta sherti yafike kwenye mdomo wa tundu. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia: badilisha mara moja. Ukikuta unga laini wa chuma kwenye kizibo cha chini, ni kawaida. Ukikuta vipande vya chuma, usinunue bila fundi kufungua ponti.

4. 4x4 siyo ya kila njia

Jeep nyingi za kazi, kama Toyota Hilux na Land Cruiser za zamani, zinasukumwa na magurudumu ya nyuma; ya mbele yanafungwa wakati wa matope. Ukisahau kuyafungua kwenye njia ngumu iliyokauka, usukani utakuwa mzito na gari itagonga kwenye kona. Usiite fundi bado, toa 4x4 kwanza. Gari za 4x4 inayojifunga yenyewe, kama RAV4 nyingi, zinataka mapine manne ya kipimo kimoja. Pine moja kubwa kuliko zingine inachosha viungo vya ndani.

Angalisho

Usiingie chini ya gari iliyoinuliwa kwa kriki peke yake. Weka magogo mazito chini yake, na mawe kwenye magurudumu yaliyobaki. Usiwashe 4x4 gurudumu moja likiwa juu: gari inaweza kuruka. Na fundi akitoa kardani, atie alama ya rangi pande zote mbili, airudishe vile ilivyokuwa; vinginevyo itatetemeka hata ikiwa nzima.

Maswali ya kuzungumza katika kikao

1. Nani kati yetu atajaribu gari kabla ya komite kulipa?
2. Shoferi wetu anaandika siku ya kubadilisha mafuta ya ponti?
3. Baada ya kuvuka mto, nani anaangalia mafuta?

Saa moja ya kusikiliza haina bei. Ponti iko na bei.