Dondoo muhimu: Supu ya mifupa kwa anayeanza

Supu nzuri haidai viungo vingi. Inadai maji baridi, moto mdogo na muda.

Osha kilo moja ya mifupa yenye nyama, uitie kwenye lita tatu za maji baridi, kisha ubandike. Maji yakipata joto polepole povu hupanda juu, nawe uliengue kwa kijiko. Ukiharakisha, povu huchanganyika na supu ikawa na rangi ya kijivu. Povu likiisha, weka tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga, upunguze moto mpaka viputo vionekane vichache tu, uiache hivyo kwa muda wa saa tatu. Usidhani moto mkali huivisha mapema: maji yakishachemka joto lake halipandi tena, kinachozidi ni mvuke na mkaa unaoteketea bure. Uzito wa supu hutoka kwenye kano na gegedu, navyo huyeyuka kwa muda, si kwa fujo za moto.

Mtu atasema saa tatu jikoni ni gharama. Ni kweli, hasa kwa anayenunua mkaa kwa kopo. Basi funika sufuria, au tumia sufuria ya presha kwa takriban saa moja, na usiifungue kabla mvuke haujaisha. Kuongeza kidonge cha mchuzi si jibu, kwani huleta chumvi bila uzito. Chumvi yenyewe itie mwishoni, maji yakishapungua. Ndimu kamulia kwenye bakuli.