Mintarafu ya Memori Kadi Isiyotambuliwa na Simu

Simu ikikwambia kwamba memori kadi imeharibika, usiiamini upesi. Simu haijui ila jambo moja tu, kwamba imeuliza na haikupata jibu inalolifahamu. Na kwa kuwa haina subira, hukata hukumu papo hapo na kukuletea kitufe kinachokutaka uifomati kadi, yaani ufute yote yaliyomo, kana kwamba picha za harusi ya binti yako na sauti ya marehemu bibi yako ni taka za kufagiwa. Kwa muda wote niliokuwa nikiwasaidia jirani zangu wa hapa Kendwa katika tatizo hili, kadi nyingi nilizoletewa kwa jina la maiti zilikuwa hai, na hitilafu ilikuwa ama baina ya kadi na simu, ama katika maandishi yanayoonesha nini kimewekwa wapi. Muradi wangu ni kueleza utaratibu ninaoufuata, na kumwomba msomaji jambo moja lililo juu ya mengine yote: kitufe kile kisiguswe mpaka kila kilichomo kimekwisha kuokolewa, au pamepatikana ithibati kwamba hakiokoleki.

Kabla ya kushika pamba wala spiriti, tazama kwanza kama simu yako ina mahali pa kuipokea kadi. iPhone haikupata kuwa nacho kitundu hicho tangu ilipozaliwa, na Samsung walikiondoa katika Galaxy S21 mwaka 2021. Simu nyingine zina kisahani chenye nafasi mbili, na hiyo ya pili hukaliwa ama na laini ama na memori, wala si vyote viwili. Nasi watu wa huku aghlabu hushika laini mbili, moja ya vifurushi na moja ya kupokelea fedha, hivyo mtu hununua kadi kwa furaha, akarudi nayo nyumbani, ndipo akatambua kwamba hana pa kuiweka. Liko na suala la ukubwa. Kadi za aina ya SDHC hukoma kwenye gigabaiti 32. Zinazozidi hapo, mpaka terabaiti 2, huitwa SDXC, nazo hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa mpango wa exFAT uliotungwa na Microsoft, ambao simu nyingi za zamani hazikufundishwa kuusoma. Kadi ya gigabaiti 64 ikikataliwa na simu kongwe na ikapokewa na simu mpya, basi hakuna aliyeugua hapo. Wawili hao hawaelewani tu.

Yakishaondoka hayo, sababu ninayoitazamia kwanza katika kijiji chetu ni chumvi. Kendwa iko kaskazini-magharibi ya Unguja, jirani na Nungwi, na wanaoijua husifu ufuo wake kwa kuwa bahari haitoki mbali wakati wa maji kupwa, kinyume cha Paje na Jambiani upande wa mashariki, ambako kupwa huacha uwanda mrefu wa mchanga na mashamba ya mwani. Sifa hiyo ndiyo balaa ya simu zetu, kwa maana watu wamo majini asubuhi hadi magharibi, na simu zimo mikononi mwao. Chumvi ya bahari ina tabia ya kuvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo hata ionekanapo imekauka huwa haijakauka, na ikipenya katika kitundu cha kadi hukaa pale ikila madini polepole, wala mwenye simu hana habari.

Kijana mmoja anayewachukua wageni kwa mashua kwenda kuogelea na samaki upande wa Tumbatu aliniletea kadi yake ndani ya karatasi ya sigara.

"Ami, memori hii imeshakufa. Fundi kaniambia niifomati, labda itafufuka."

"Ikifufuka kwa njia hiyo itafufuka tupu, mwanangu. Hebu nipe niitazame."

Niliilaza kwenye ukucha na kuielekeza upande wa dirisha, si kwa kuikabili nuru bali kwa kuiinamisha, kwani uchafu wa kadi hauonekani ila kwa mshazari. Kadi hizi za microSD zina urefu wa milimita 15, upana wa 11 na unene wa 1, na upande wa nyuma vimepangwa vipande vinane vya madini vilivyopakwa dhahabu. Sita kati ya hivyo vilikuwa vikimeta. Viwili vya pembeni vilikuwa na utando mweupe uliofifia, na kwenye ukingo wa kimoja palikuwa na kijani kidogo mfano wa ukungu. Dhahabu yenyewe haipati kutu, lakini tabaka lake ni jembamba mno, na penye mkwaruzo chumvi huyafikia madini yaliyo chini yake. Utando ule tu ulitosha kuizuia simu isipate jibu.

Dawa yake ni spiriti safi isiyo na mafuta wala manukato, pamba kidogo iliyozungushwa kwenye kijiti, na mkono usio na haraka. Zima simu kabisa kwanza, toa kisahani, pangusa vipande vile kwa mwelekeo mmoja, acha vikauke kivulini. Utando ukikaidi, tumia raba ya kufutia penseli, ile laini, na upitishe kwa huruma. Kadi iliyotumbukia baharini huoshwa kwanza kwa maji yasiyo na chumvi, nami hapa husisitiza maji ya chupa, kwa sababu visima vingi vya karibu na pwani yetu vina uchumvi wake, na kuoshea chumvi kwa chumvi ni kazi bure. Kadi yenyewe imezibwa pande zote, haiogopi maji kama simu inavyoyaogopa. Ama ile desturi ya kuzika vitu vilivyolowa ndani ya mchele, hata Apple waliwatahadharisha wateja wao mwaka 2024 waiache, kwa kuwa chembe za mchele huweza kuingia ndani ya simu na kuidhuru. Mchele huo ni heri upikwe. Nimewahi pia kuona mtu akisafisha kadi kwa uturi, nayo ikanukia vizuri sana wala isifanye kazi.

Baada ya kusafisha huja jaribio ambalo mafundi wengi hulipuuza, ilhali ndilo lenye kuamua: weka kadi hiyo katika simu nyingine, na kadi nyingine, iliyo nzima, katika simu hiyo. Kadi ikisomwa kwingine, hitilafu ni ya simu, huenda ni vile vichuma vya ndani ya kitundu vilivyolala au vilivyoshikwa na chumvi, na kazi hiyo mwachie fundi mwenye lenzi na mkono mwepesi. Simu ikiisoma kadi ya kuazima, basi ni kadi yako yenye neno, na hapo huanza mlango wa kompyuta. Kama zote mbili zasoma vyema, huenda kisahani hakikukaa sawa tangu mwanzo. Kirudishe taratibu, washa simu upya, kisha ingia kwenye Mipangilio na ufungue sehemu ya Hifadhi uone kama kadi imetajwa.

Kwenye kompyuta, kadi hutiwa ndani ya adapta au kisoma kadi. Adapta nyingi zina kiswichi kidogo ubavuni cha kuzuia kadi isiandikwe; wengi hukilaumu, nami katika hatua hii hukipenda, kwa kuwa hakuna jambo la heri zaidi kwa kadi mgonjwa kuliko kutoandikwa kitu. Angalia kompyuta inasema nini juu ya ukubwa. Kama kadi ya gigabaiti 32 imeonekana kuwa ni ya 32, hata ikiwa kompyuta yadai haiwezi kuifungua, tumaini lipo kubwa. Ikionekana ni ya sufuri, au ya megabaiti chache, au ikipata moto isivyo kawaida, basi kile kidude cha ndani kinachosimamia hesabu zote kimekufa, na mimi na wewe hatuna la kufanya.

Sababu ya tumaini hilo yafaa kuelezwa. Kumbukumbu za aina hii, zilizobuniwa na Fujio Masuoka wa Toshiba katika miaka ya 1980, huhifadhi habari kwa chembe za umeme zilizofungiwa ndani ya vyumba vidogo sana, bila kitu chochote kinachozunguka wala kusogea. Juu ya habari hizo pana jedwali linaloonesha kila picha imeanzia chumba kipi na kuishia kipi. Mtu anapochomoa kadi ilhali simu inaandika, au simu inapozimika katikati ya kurekodi video, aghlabu jedwali hilo ndilo huvurugika. Kadi ya namna hiyo ni kama kitabu kilichonyofolewa fahirisi: kurasa zote zimo, ila msomaji asiyejua kusoma ila kwa kufuata fahirisi hukitangaza kitupu.

Iko programu ya bure iitwayo PhotoRec, kazi ya Mfaransa Christophe Grenier, ambayo huliacha jedwali na kupita chumba kwa chumba ikitafuta alama za mwanzo wa faili. Picha ya JPEG, mathalan, kila siku huanza kwa alama zilezile, FF D8 FF, na programu ikizikuta hujua kwamba hapa pana picha. Majina ya faili hupotea, na utazikuta picha za kuku na za bwana harusi zimechanganyika pamoja, lakini zipo. Sharti lake moja ni kwamba vinavyookolewa vihifadhiwe katika kompyuta au flashi nyingine, abadan visirudishwe kwenye kadi ileile, kwani ungekuwa unaandika juu ya kile unachokitafuta. Kwa sababu hiyohiyo sianzi kwa ile amri ya chkdsk ambayo wengi huikimbilia. Hiyo hutengeneza jedwali kwa kulikata palipopotoka, na huweza kukata na vilivyo vyako.

Wako na wale ambao kadi yao inasomwa, lakini kompyuta huwaonesha shotikati tupu mahali palipokuwa na mafaili. Kirusi hiki huenezwa sana na vibanda vya kurushia nyimbo, ambako kompyuta moja hupokea kadi za mtaa mzima. Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 ili sauti yake ipate kuingia katika santuri. Leo sauti hiyohiyo huingizwa kwenye kadi kwa dakika, pamoja na virusi vya watu usiowajua. Mafaili hayo hayakufutwa, yamefichwa. Usibofye shotikati hata moja. Ifanye kompyuta ioneshe vilivyofichwa, nakili vilivyo vyako, kisha usafishe.

Ukishaokoa, hapo ndipo kufomati kunakuwa halali, na nakusihi ufanye ndani ya simu itakayoitumia kadi, kwa sababu simu huchagua mpango inaoufahamu yenyewe. Kazi hii ni ya dakika moja, haina mengi ya kuelezwa.

Liko jambo moja ambalo limewatia watu hofu. Unafuta picha, zinapotea. Unazima simu na kuiwasha, zote zimerudi. Unafomati, simu yasema tayari, na kesho yake kila kitu kipo palepale. Mama mmoja wa Nungwi aliniuliza kwa sauti ya chini kama hilo si jambo la kumwita mwalimu alisomee. Nilimwambia si jini wala popobawa. Kadi imechakaa kwa kuandikwa, na msimamizi wake wa ndani, alipoona hawezi tena kuandika pasi na kuharibu, ameifunga isomwe tu. Kwa kweli ndiyo jamala ya mwisho ambayo kadi huweza kumfanyia mwenyewe, nawe upokee kwa kunakili yote siku hiyohiyo.

Tangu Android 6.0 ilipotoka mwaka 2015, simu nyingine humpa mtu ikhtiari ya kuifanya kadi kuwa sehemu ya hifadhi ya ndani. Wengi hukubali kwa kuwa simu imejaa, bila kujua kwamba hapo kadi hutiwa kufuli la siri ambalo ufunguo wake unabaki ndani ya simu ile peke yake. Kwa mtu wa ofisini hilo si neno. Kwa mtu wa mashua ni hatari tupu, kwani simu ikizama, kadi hata ikiopolewa ikiwa nzima haisomwi na simu nyingine yoyote, wala PhotoRec haioni ndani yake ila vurugu. Waendao baharini, ichagueni iwe kadi ya kuchukulika.

Ama kadi feki, hizo ni mlango wake. Ndani yake mna gigabaiti 8, mathalan, lakini msimamizi wake amefundishwa kusema 512. Nayo hufanya kazi vyema kabisa mpaka zile 8 zijae, kisha kila picha mpya huonekana kwa jina na isifunguke, hatimaye simu ikatangaza kwamba kadi imeharibika. Hapo hakuna cha kuokoa zaidi ya zile za mwanzo. Kwa hiyo kadi mpya ninayoinunua mjini siipandishi kwenye daladala ya Nungwi kabla haijajaribiwa: kwenye Windows kwa H2testw, kwenye Linux kwa F3, programu ambazo huijaza kadi pomoni na kuisoma tena neno kwa neno. Jaribio la kadi kubwa huchukua saa nyingi, na wenye maduka hawalipendi. Basi patana na muuzaji kabla ya kulipa kwamba utairudisha, akuandikie risiti yenye ukubwa wa kadi na tarehe, na akikataa kuandika, bei yake iwe rahisi namna gani, nenda duka la pili.