MUZIKI KATIKA VITA



Sisi wenye kuimba korali hatupendi kusikia neno hili, lakini ni kweli: muziki unaweza kuwa silaha.

Tufungue Waamuzi 7. Gideoni alibaki na watu 300 tu. Kila mutu alipewa tarumbeta, na mutungi mutupu wenye mwenge ndani. Fikirini tarumbeta 300 zikilia usiku kutoka pande tatu! Wamidiani waliamka na woga, wakauana wao kwa wao. Sauti tu ndiyo iliharibu hesabu yao.

Tuje karibu. Desemba 1989 jeshi la Marekani liliingia Panama, na mukubwa wa inchi, Manuel Noriega, akakimbilia nyumba ya balozi wa Papa. Kuingia mule kwa nguvu kulikatazwa na sheria. Basi waaskari wakaweka vipaza-sauti inje, wakapiga muziki wa roki kwa nguvu sana. Balozi maskini naye alipaswa kuusikiliza! Vatikani ikalalamika, muziki ukazimwa. Noriega alijitoa tarehe 3 Januari 1990, kiisha mazungumuzo mengi na yule balozi. Kwa hiyo hatusemi kwamba ni kelele njo ilimutoa.

Lakini habari ya Rwanda ni nzito kuliko hiyo, na ni ya jirani zetu. Simon Bikindi alikuwa mwimbaji wa kujulikana sana. Wakati wa mauaji ya 1994, radio RTLM ilipiga nyimbo zake mara nyingi. Hotuba ya chuki inachokesha masikio. Wimbo mutu anaurudilia mwenyewe, hata akiwa anafua nguo. Mwaka 2008 mahakama ya kimataifa kule Arusha ilimuhukumu miaka 15. Muangalie sababu yake vizuri: si nyimbo. Waamuzi waliona kwamba nyimbo mbili zilitungwa kwa kueneza chuki juu ya Watutsi, lakini zilitungwa mbele ya 1994, na haikuhakikishwa kwamba yeye njo alizipeleka kwenye radio wakati ule. Alihukumiwa juu ya maneno aliyosema barabarani kwa kipaza-sauti, mwezi wa 6, 1994, akiita watu waue.

Sisi wenyewe hatukupatana juu ya hukumu hii. Ijumaa, kiisha sala ya asubui, tutazungumuza: mwenye kutunga wimbo, mwenye kuupiga kwenye radio, na mwenye kuuimba njiani, nani ana kosa, na kadiri gani? Mulete Biblia zenu.